Suzuki Escudo ya miaka ya 1990: injini si tatizo, tazama kutu kwanza

Escudo ya milango mitatu, iliyotoka Japani mwaka 1988, bado ni gari ninayoipenda kwa njia za mawe za shamba. Ina chesisi kamili chini ya bodi, injini ya cc 1600, na gia ndogo ya 4L (magurudumu yote manne, mwendo wa polepole wenye nguvu) inayoitoa mchangani taratibu bila kulazimisha klachi.

Kwetu Unguja adui wake ni chumvi. Kabla ya kulipa, fungua boneti, utazame pale shokamzoba za mbele zinaposhika bodi. Gonga kwa bisibisi: sauti ikiwa butu, au rangi ikimenyeka vipande vipande, achana nayo, hata kama rangi ya nje inang'aa. Kisha lala chini, ukague chesisi karibu na magurudumu ya nyuma. Kutu iliyofunikwa kwa lami nyeusi mbichi ni ya kutiliwa shaka. Ukishainunua, ukitoka ufukweni Paje au Nungwi, ioshe uvunguni kwa maji baridi, yasiyo ya chumvi, siku hiyo hiyo.

Kosa la wengi ni kuiacha kwenye 4H (magurudumu yote manne, mwendo wa kawaida) juu ya lami kavu. Haina difu ya katikati ya kuruhusu ekseli ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa kasi tofauti, kwa hiyo kwenye kona ekseli mbili hushindana, matairi hulika na giaboksi ndogo, ile inayogawa nguvu mbele na nyuma, huumia. Barabara ya lami, rudisha 2H (magurudumu ya nyuma tu).

Silinda hedi, kifuniko cha juu cha injini, ni ya aluminiamu. Ikichemka sana hupinda. Oili yenye rangi ya maziwa inaonyesha maji yameingia, mara nyingi kupitia gasketi ya hedi.

Nyuma ni finyu, watu wazima wawili tu.