Kozi ya seti za kumtoa senta chini ya ringi: nimelipia, nimeifundishia

Kozi ni ya mpira wa kikapu, kwa video: unalipa mara moja unaangalia ukipenda. Seti ni mashambulizi yaliyopangwa; senta ni yule mrefu anayecheza karibu na ringi. Nafundisha vijana, mazoezi jioni pale JMK Park, Kidongo Chekundu, na karibu kila timu tunayokutana nayo ina mrefu wake aliyejikita chini ya ringi kama mlinzi wa geti. Dar es Salaam, mji uliomtoa Hasheem Thabeet, mita 2.21, wa pili kuchaguliwa NBA, ligi ya Marekani, 2009, warefu hauishiwi.

Video ni safi na michoro inaeleweka. Somo la kuwaweka wote watano nje linatumia mechi ya NBA ya Clippers na Jazz, Juni 2021: Rudy Gobert, senta wa Jazz, anavutwa huku na kule kati ya ringi na kona, na Terance Mann wa Clippers anaondoka na pointi 39. Tamu kuangalia.

Sasa shida. Mwalimu anafundisha kana kwamba dunia nzima inacheza sheria za NBA. Kule beki asiyemkaba mtu haruhusiwi kuganda kwenye eneo la chini ya ringi zaidi ya sekunde 3. Sisi tunacheza za FIBA, shirikisho la dunia, ambazo hazina katazo hilo kwa anayelinda. Ukimtoa senta wako nje na hana shuti, mrefu wao anabaki palepale anakutazama. Na ule upepo wa jioni, hata wenye shuti wanakosa.

Kilichorudisha hela yangu ni seti ya Spain. Senta wako anamwekea skrini (anasimama kumzibia njia) beki anayemkaba pointi gadi wako mwenye mpira, kisha anakata kwenda ringini. Mrefu wao anarudi nyuma kusubiri, kama kawaida yake. Hapo mchezaji wako wa tatu, mpigaji wa mbali, anamwekea huyo mrefu skrini ya mgongoni, halafu anachomoka hadi nje ya mstari wa pointi tatu. Mrefu hasubiriwi atoke, anafuatwa alipo. Senta wako anapita bure; beki wa mpigaji akienda kusaidia, mpigaji kabaki peke yake.

Ila video haisemi kwamba skrini asiyoiona mtu lazima imwachie nafasi ya hatua moja ya kawaida. Vijana wangu walikuwa wanamganda mrefu mgongoni, refa anapuliza faulo ya mshambuliaji. Hilo nimewafundisha mwenyewe.

Nyota 3 kati ya 5. Wakiuza somo la Spain peke yake, chukua hilo, mengine acha.