Aspirini peke yake, au aspirini na rivaroksabani?

Kwa mgonjwa ambaye ateri za moyo zimekuwa nyembamba lakini hali yake imetulia, aspirini ya miligramu 75 hadi 100 kwa siku ndiyo dawa iliyozoeleka. Ni ya bei nafuu, na huzuia chembe sahani (chembe ndogo za damu zinazosaidia damu kuganda) zisishikamane. Rivaroksabani hufanya kazi kwingine: huzuia protini zinazogandisha damu. Huongezwa juu ya aspirini, miligramu 2.5 asubuhi na 2.5 jioni.

Utafiti wa COMPASS, uliochapishwa mwaka 2017, ulihusisha watu 27,395 wenye ugonjwa sugu wa ateri. Kifo kutokana na ugonjwa wa moyo na mishipa ya damu, kiharusi au shambulio la moyo viliwapata asilimia 4.1 ya waliotumia dawa zote mbili, na 5.4 ya waliotumia aspirini tu. Faida hiyo ina gharama: kuvuja damu kwingi kulipanda kutoka asilimia 1.9 hadi 3.1, hasa tumboni na kwenye utumbo.

Kwa maoni yetu, dawa mbili zinamfaa zaidi mwenye kisukari, au mwenye ateri za miguu zilizoziba pia, mradi hana historia ya kuvuja damu. Aliyewahi kuvuja damu ubongoni asizitumie. Anayetibiwa kifua kikuu amwambie daktari mapema, kwani rifampisini hupunguza sana nguvu ya rivaroksabani. Ibuprofeni nayo huongeza hatari ya kuvuja damu. Kinyesi kikiwa cheusi kama lami, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Ukisahau dozi, meza inayofuata kwa saa yake, usimeze mbili kwa pamoja.