Kijana wa malezi ya kambo: aandike maisha yake au abuni hadithi?

Wengi wakianzisha darasa la uandishi kwa hawa vijana, yaani wanaolelewa na familia nyingine kupitia ustawi wa jamii, wanakimbilia "andika stori ya maisha yako", na naelewa kwa nini, maana maisha yake yote yameandikwa na wengine kwenye faili la ustawi wa jamii, kahamishwa lini, kwa nani, tabia ikoje, kwa hiyo akishika kalamu mwenyewe akaandika "mimi" ni jambo kubwa sana. Shida ni kwamba hayo ashawasimulia maafisa mpaka kachoka, na yakishatoka hayarudi, mama mzazi yumo humo, wadogo zake wamo.

Hadithi ya kubuni inampa pa kujificha. Anaandika mtoto anayepanga nguo zake kwenye mfuko wa plastiki usiku, jina sio lake, na mwisho anauamua yeye, hakimu hayupo. Mimi ningeanza na hii. Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, ibara ya 12, unataka mtoto asikilizwe, ila ya 16 inalinda faragha yake pia, kwa hiyo akitaka ya kweli aandike tu, kusomwa mbele za watu aamue mwenyewe.