Ukurasa wa wino au tokeni: mchoraji mkongwe auze kipi?

Ukurasa halisi wa katuni za sayansi ya kubuni una mistari ya penseli iliyofutwa nusunusu na wino mweupe uliofunika kosa kwenye bawa la chombo cha angani. Upo mmoja tu, ukishauzwa, umekwenda.

Tokeni ya NFT ni rekodi ya umiliki kwenye blokucheni, yaani daftari la kidijitali linalotunzwa na kompyuta nyingi kwa pamoja. Picha yenyewe mara nyingi hukaa kwingine, na hakimiliki kwa kawaida haimwendei mnunuzi (kama ni ya mchoraji au ya kampuni iliyomwajiri, hapo ndipo ugomvi huanzia). Machi 2021 Beeple, msanii wa kidijitali wa Marekani, aliuza tokeni moja kwa dola milioni 69. Mwaka uliofuata soko likaporomoka. Na mrabaha, yaani fungu la mchoraji kila tokeni inapouzwa tena? Masoko kadhaa ya NFT yameufanya hiari.

Mimi ningeuza tokeni za michoro mipya, kurasa za zamani nizifungie kabatini.