Begi la mwanafunzi wa sheria: lipi la kununua kwanza na lipi la kuacha dukani

Mwanafunzi anayeanza shahada ya sheria katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hupanga matumizi mengi kabla ya kufungua chuo, lakini begi hulinunua mwishoni, kwa haraka, na mara nyingi kwa kutazama sura yake tu. Ninalipa begi uzito wa pekee kwa sababu ndilo litakalokuwa naye kila siku ya masomo, kuanzia kwenye daladala hadi kumbi za mihadhara za Yombo na maktabani, na kwa sababu aina zinazovutia zaidi dukani si zile zinazofaa zaidi Mlimani, kampasi kuu ya chuo hicho. Kipimo ninachotumia hapa ni kwamba begi libebe karatasi za sheria na kompyuta mpakato bila kuumiza mabega, na mvua ya masika isiyafikie yaliyomo.

Mzigo ndio unaoamua, kwa hiyo tuanze nao. Karatasi moja ya A4 ya gramu 80 ina uzito unaokaribia gramu 5, na rimu nzima ya karatasi 500 hufika karibu kilo mbili na nusu. Aliyetoa kopi ya Katiba ya mwaka 1977, Sheria ya Mikataba (Sura ya 345), Kanuni ya Adhabu (Sura ya 16) na makala alizoagizwa na mhadhiri, akafikisha kurasa 400 zilizochapwa pande mbili, amebeba kilo moja ya karatasi. Akiongeza kompyuta yenye kilo moja na nusu hadi mbili, chaja yake, kaunta buku, mwavuli na chupa ya maji ya lita moja, anakaribia kilo tano kabla hajaazima kitabu chochote maktabani. Mwanafunzi wa fani nyingine anaweza kuacha karatasi zake hosteli. Wa sheria hawezi, kwa sababu semina nyingi humtaka afungue kifungu chenyewe na kukisoma mbele ya wenzake.

Mzigo huo unaweza kupunguzwa kabla ya begi kununuliwa. Hukumu za Mahakama ya Rufani na za Mahakama Kuu zinapatikana bure kwenye tovuti ya TanzLII, na hakuna sababu ya kuzichapa zote. Zibaki ndani ya kompyuta. Sheria zenyewe ndizo ninazoshauri zichapwe, kwa kuwa msomaji huandika pembeni mwa vifungu na kurudi kwenye maandishi yake kila muhula. Kabla ya kulipia kopi kwenye steshenari, hakikisha kwamba nakala unayotolewa ni ya Toleo la Urekebu la Mwaka 2023, yaani mkusanyo wa sheria za nchi zilizorekebishwa, lililoanza kutumika tarehe 1 Julai 2025. Kopi za matoleo ya zamani bado zinarithishwa kutoka kwa wanafunzi waliotangulia, na mwenye nakala hizo anaweza kubeba kilo nzima ya vifungu ambavyo namba au maneno yake yamebadilika.

Sasa tuje kwenye begi. Nafasi ya kwanza ninalipa begi la mgongoni la mtumba lililotengenezwa vizuri, mbele ya lile jipya la bei ileile. Huu ndio uamuzi ambao wazazi wengi hawatakubaliana nami, lakini kitambaa na mshono hunitetea. Katika masoko ya mitumba kama Karume, Ilala, mtu mwenye subira hupata begi la nailoni nzito lenye mikanda mipana, mgongo wenye sponji na chumba cha kompyuta kilichoinuliwa kidogo kutoka kwenye kitako, ili kompyuta isigonge sakafu begi linapowekwa chini. Begi la namna hiyo likiwa jipya lingegharimu mara kadhaa ya bei hiyo.

Mtumba, hata hivyo, haununuliwi kwa macho peke yake. Geuza begi nje ndani na upapase bitana. Mabegi mengi hupakwa utando wa poliurethani upande wa ndani ili kuzuia maji, na utando huo huharibika polepole kwa unyevunyevu na joto: hunata mkononi, hutoa harufu ya kuchacha, kisha hubanduka vipandevipande. Likifika hapo halitengenezeki, na vipande hivyo vitagandana na karatasi zako. Fungua na ufunge kila zipu ukiwa umejaza begi, kwa sababu zipu iliyochoka huonekana nzima begi likiwa tupu na huachia meno linapovutwa na mzigo. Mwisho, shika mkanda mmoja kwa nguvu na utazame pale unaposhonewa juu. Ukiona matundu ya sindano yanapanuka, muuzaji abaki na mali yake.

Vipimo navyo visikisiwe. Kompyuta yenye kioo cha inchi 15.6 huwa na upana wa takriban sentimita 36, nayo huingizwa begini ikiwa imesimamishwa, kwa hiyo begi lenye urefu wa sentimita 45 au zaidi na upana wa sentimita 30 litaitosha pamoja na kaunta buku na karatasi za A4 zisizokunjwa kona. Ujazo wa lita 20 hadi 25 unatosha. Begi kubwa kuliko hapo hualika vitu visivyo vya lazima, na kwenye daladala iliyojaa huwa kero kwa abiria wengine.

Nafasi ya pili ni begi jipya la mgongoni la poliesta, la aina inayouzwa kwa wingi Kariakoo. Faida yake ni kwamba bitana haijachakaa na utalichagua kwa ukubwa unaoutaka; udhaifu wake ni mshono, hasa penye mikanda. Tafuta kitambaa cha denia 600 au zaidi, ambacho lebo huonyesha kwa alama ya 600D. Denia ni uzito kwa gramu wa uzi wenye urefu wa mita 9,000, kwa hiyo namba kubwa humaanisha uzi mzito zaidi, ingawa uzi mzito haumwokoi mtu aliyeuziwa begi lililoshonwa kwa mstari mmoja. Mshono wa mkanda uwe umerudiwa, ama kwa mistari kadhaa ama kwa kisanduku chenye msalaba ndani. Chata ya kampuni maarufu isikupandishie bei, kwa kuwa chata ndicho kitu rahisi kuliko vyote kuigiza.

Begi la bega lenye mkanda mmoja ninaliweka nafasi ya tatu, na kwa masharti. Linafunguka upesi, linakaa mbele ya mwili penye msongamano, na linapendeza pamoja na shati na tai siku ya mahakama ya mazoezi. Tatizo ni kwamba kilo tano zote huangukia bega moja, na kupanda mlima wa chuo na mzigo huo kila siku kwa miaka minne ni kujitafutia maumivu ya shingo. Anayeishi hosteli za ndani ya chuo na ambaye hubeba kompyuta na daftari moja tu anaweza kulichagua. Anayetoka hosteli za Mabibo, nje ya chuo, au mbali zaidi asilichague.

Mkoba wa ngozi unakuja nyuma ya hayo yote, japokuwa ndio unaotamaniwa kuliko yote kwa sababu humfananisha anayeubeba na wakili. Ngozi halisi ina uzito wake kabla hujaweka kitu ndani, na katika hewa ya pwani huota ukungu ikihifadhiwa kabatini bila kusafishwa. Ile ya bandia ina kasoro kubwa zaidi: uso wake hubanduka, na baada ya misimu michache ya joto la Dar es Salaam mshikio huanza kuacha maganda mkononi. Wakati wa mkoba utafika, utakapokwenda kwenye mafunzo ya vitendo mahakama ya Kisutu au utakapoingia Shule ya Sheria ya Tanzania (Law School) baada ya shahada. Fedha zilizotengwa kwa ajili ya vitabu na viandikwa zisiugharimie mwaka wa kwanza.

Mfuko wa kitambaa, ambao umeenea tangu mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipopigwa marufuku tarehe 1 Juni 2019, si begi la chuo, ila ni msaidizi mzuri. Ukunje uuweke ndani ya begi, utumike siku ya kuazima vitabu.

Begi lolote utakalochagua, lipeleke kwa fundi viatu kabla ya siku ya kwanza ya masomo, arudie kushona mikanda yote miwili na mshikio wa juu kwa uzi mzito. Kazi hiyo humchukua muda mfupi na gharama yake ni ndogo. Karatasi za sheria zitie kwenye faili la plastiki lenye kifungo hata kama begi limeandikwa kwamba halipitishi maji, kwa sababu kitambaa kinaweza kuzuia maji ilhali matundu ya sindano na zipu zikayapitisha. Kwenye daladala na mwendokasi, livae begi mbele, na simu isikae katika mfuko wa nje.