Studio ya tatuu Kinondoni: nyota nne

Nianze na kasoro. Bei haishuki hata ulie, pa kuegesha gari hakuna, na miadi ya saa nne asubuhi ilianza karibu saa saba mchana. Kazi yenyewe safi: sindano ilitolewa kwenye pakiti mbele yangu, wino ukamiminwa kwenye vikombe vya kutupa, na kila mchoraji aliposhika simu alibadilisha glovu. Kabla hajawasha mashine aliniuliza kama nina kovu lililowahi kutuna, kisha akachungulia tundu za masikio yangu kuhakikisha. Sijaona pengine wanaofanya hivyo.

Ila kilichonifanya niandike ni maelezo aliyonipa baada ya kumaliza. "Dada, siku mbili tatu patavimba na kuuma, na majimaji yenye wino yatachafua shuka. Usiogope. Baadaye patawasha na kubanduka vipande vyenye rangi. Usivibandue, utang'oa na wino." Ngozi ya juu hufunga kwa wiki mbili hadi nne, kwa hiyo Coco Beach niisahau kwanza.

Halafu akaniambia jambo ambalo kwenye video za Wazungu hulikuti. Ngozi zetu nyeusi hazionyeshi wekundu vizuri, kwa hiyo usingoje kuona, gusa. Weka mgongo wa kiganja juu ya mchoro, kisha uweke mahali pale pale kwenye mkono wa pili, ulinganishe. Joto linatakiwa lipungue kila siku. Likizidi, au maumivu yakirudi baada ya kutulia, uvimbe ukatambaa nje ya mchoro, ukatoka usaha, mitoki ikajitokeza kwapani au ukashikwa na homa ya kutetemeka, "hiyo ni hospitali, si WhatsApp."

Na hakuwa anatania. Shoga yangu alichorwa waridi hapo hapo. Miezi ilipita, kila kitu kimepona, mara petali nyekundu zikainuka na kuwasha usiku kucha, wakati mistari myeusi imetulia tuli. Tukarudi kwake. Angeweza kumuuzia kopo la mafuta tukaondoka tumeridhika. Akapapasa, akasema huenda ni mzio, maana wino mwekundu ndio unaoongoza kwa usumbufu huo na unaweza kuchelewa hata miaka, akamtuma kwa daktari wa ngozi. Hakumtoza hata senti.

Hayo mafuta yanayouzwa pale mapokezi mimi niliyaacha, ni ghali bure. Sabuni isiyo na manukato na mafuta mepesi ya duka la dawa, yapakwe kidogo tu, yalinitosha. Kwa joto la Dar ukijipaka mengi jasho halina pa kutokea.

Kama unakwenda, omba miadi ya katikati ya wiki, na kula kwanza.