Kupimwa ubongo kupitia utosi: yaliyotukuta na njiti wangu hapa Kigoma

Binti yangu alizaliwa njiti, wiki ya 30 ya ujauzito, akiwa na kilo 1.3, kipindi mvua zimeshika kasi. Siku ya tano daktari akaandika apigwe ultrasaundi ya kichwa. Mama mkwe, mzaliwa wa Ujiji aliyelea watoto wasiohesabika, akanivuta pembeni: "Wanamgusa utosi?" Kwetu utosi wa kichanga hauchezewi.

Wanaugusa, na ndipo kipimo chenyewe kilipo. Mawimbi ya sauti hukwama kwenye mfupa, lakini utosi bado ni ngozi na utando tu, basi hapo pana dirisha la kuchungulia ubongo mpaka litakapofunga, kwa watoto wengi kabla ya mwaka mmoja na nusu. Sindano hakuna, dawa ya usingizi hakuna, wala mionzi kama ya eksirei. Wanapaka jeli, kidude cha kupimia kinakaa juu ya utosi, kinalazwa mbele, nyuma, huku na huku. Dakika kumi hivi. Mwanangu alilia kwa ubaridi wa jeli tu. Kwenye kioo mimi niliona kijivu na weusi, mfano wa ziwa usiku taa za wavuvi wa dagaa zikiwa mbali.

Kipimo nakisifu. Mambo ya pembeni ndiyo yaliyonichosha.

Chumba cha ultrasaundi kilikuwa jengo jingine. Nilivuka uwanja na mtoto ndani ya khanga mbili, manyunyu yanapiga. Tuliporudi wodini joto lake lilisoma 35.7, na kichanga hatakiwi kushuka chini ya 36.5. Nesi wa zamu akaninunia mimi, utadhani niliijenga hospitali mimi.

Halafu majibu. Nilipewa karatasi ya Kiingereza nikaambiwa "utampa daktari", na daktari angepita asubuhi. Katika karatasi nzima nililitambua neno moja, la damu. Nililala nalo hilo, kama kulala ni kule.

Asubuhi daktari alichukua boksi tupu la glovu akanichorea mgongoni mwake: vyumba viwili vya maji katikati ya ubongo, na kando ya kimoja akaweka nukta ya kalamu. "Mama, damu iliyovuja ni hii." Daraja la kwanza kati ya manne, lililo dogo kabisa. Akaeleza kwamba mishipa ya humo kwa mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati ni laini mno, na inapovuja, mara nyingi ni ndani ya siku tatu za mwanzo. Nukta kama ile mara nyingi mwili huifyonza wenyewe. Alichokuwa anakivizia ni maji kuanza kujaa. Boksi lile niliomba niondoke nalo, ninalo mpaka leo.

Kuvizia kwenyewe kulifanywa kwa futi ya kushonea, kama ya fundi cherehani. Kila wiki nesi alimzungushia kichwani, juu ya nyusi mpaka kisogoni, akaandika. Kichwa cha njiti kikiongezeka karibu sentimita moja kwa wiki, wametulia. Kikikaribia mbili, wanaita daktari. Wangu alikwenda na moja kasoro.

Baada ya wiki mbili tulirudia, safari hii kwa mtaalamu mwingine, kijana mpole. Chupa ya jeli alikuwa ameitumbukiza kwenye beseni la maji moto. Akaniambia nisimtoe mtoto kifuani, nibaki naye kikangaruu, ngozi kwa ngozi, nimsogezee kofia kidogo tu. Hakulia. Joto tuliporudi: 36.8. Na akanionyesha kwa kidole pale ilipokuwa nukta, pamesafika.

Mjue pia kisichoonekana humo. Ultrasaundi inaonyesha damu, maji na umbo, haionyeshi degedege wala ubongo unavyofanya kazi. Daktari alisema kuna mashine za kusoma umeme wa ubongo kwa vinyaya vichache kichwani, na nyingine zinamulika paji la uso kupima oksijeni ya ubongo. Sisi hatukuziona. Kwa hiyo kliniki ya ukuaji bado tunahudhuria, kuangalia shingo, macho, mikono.

Anayekwenda: beba kofia ya sufu, omba mtoto apimwe akiwa kifuani, na usitoke bila mtu kukusomea karatasi kwa Kiswahili, hata ikibidi usimame mlangoni.

Sasa ana miezi saba. Juzi futi ilisoma sentimita 41, na mama mkwe akamwambia nesi apime tena, yeye anaangalia.